Paka wa Avenue

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake si ngumu: anayehitaji kitu kilicho chini hana budi kuukunja mgongo wake, awe tajiri au maskini, kwa sababu kitu hicho hakitapanda juu kwa kumheshimu. Melchior Kasika aliikariri methali hii tangu shuleni, na mwalimu alimsifu kwa jinsi alivyoieleza. Ila kuieleza ni jambo moja, na kuinama ni jambo lingine kabisa.

Mwaka 2003, mwezi wa sita, vita vilipopanda barabara kuu kutoka kusini, Melchior na mkewe Godelive walikimbia kutoka kwao Alimbongo kwa miguu mpaka Butembo. Ng'ombe waliachwa, nyumba ikaachwa. Walichookoa ni gunia moja la mbegu za maharagwe, ambalo Godelive alilibeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Hayakuwa maharagwe ya hivihivi. Kule kwao ni baridi na ukungu, na kila mara Melchior aliponunua mbegu katika soko la Butembo zilimwozea shambani. Hizi zilizoea baridi tangu enzi za bibi yake. Zikifika salama mwezi wa tisa na amani ikirudi, wangepanda. Zikipotea, wangerudi kwao kuombaomba.

Walipata nyumba ndogo ya kupanga huko Bulengera, ndani ya Butembo, na humo wakamkuta paka jike wa rangi ya majivu aliyeachwa na wapangaji waliotangulia. Siku ya kwanza tu alikamata panya wawili karibu na gunia. Melchior alichekelea, akamwita askari wake. Lakini Godelive alipotaka kumwekea ugali kidogo wenye mchuzi, alimzuia.

"Wacha, mama. Paka yenye kushiba haina kazi. Njaa ndiyo inaifundisha kuwinda."

Wengi husema hivyo, nami sijui neno hilo walilitoa wapi. Njaa haijawahi kumfundisha mtu uaminifu, sembuse paka. Huyu wa Melchior alikula panya alipowapata, na alipowakosa alitoka kwenda kutafuta riziki kwenye majiko ya watu.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Hadjara, mke wa Shafii, dereva wa lori aliyepeleka bidhaa Kasindi na kurudi. Nao walikuwa wakimbizi, wametoka Mangina mwaka uliotangulia, na Hadjara alikuwa na mimba kubwa. Asubuhi moja alikuja mlangoni kwa Melchior ameshika mkia wa samaki wa chumvi, ambao ndio pekee uliosalia.

"Papa Kasika, samahani. Paka yako ilikula makayabo yangu. Ilikuwa ya kula siku mbili."

Watu walikuwa wakipita njiani, nao wakapunguza mwendo. Melchior aliona aibu, na aibu ikamtoa maneno mabaya.

"Ile paka? Hapana yangu. Iko ya avenue."

Avenue ndivyo wanavyoita mtaa wao huko Bulengera, na kitu cha avenue ni kitu kisicho na mwenyewe. Godelive alisikia, akainamisha kichwa. Hadjara hakugombana. Alimtazama paka aliyekuwa amelala kizingitini, akamwokota.

"Bon. Kama haina mwenyewe, mie nitaichunga. Iko na mimba sawa mie."

Tangu hapo kila jua lilipokaribia kuzama, Hadjara alimwekea chakula mahali palepale, kisha akamfungia jikoni hadi asubuhi. Paka hakuiba tena. Baada ya muda mfupi akazaa watoto watatu chini ya chanja ya kuni. Mchana alitoka kuwinda, akapita mpaka kwa Melchior, kwa maana paka hufuata nyumba kuliko mtu. Lakini panya hufanya kazi zao gizani, na gizani askari wa Melchior alikuwa amelala kwa jirani. Haikuchukua muda gunia likatobolewa, na Godelive akaanza kuokota maganda ya mbegu sakafuni.

Melchior alikwenda kwa Hadjara. Alisimama wima mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kudai.

"Mama Hadjara, nakuja kuchukua paka yangu."

"Ya avenue?" aliuliza Hadjara, akitabasamu kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Chukua, papa. Lakini uchukue na batoto yake. Utakuwa unailisha kila siku, unaifungia magaribi. Ikiharibu kitu ya mutu, unasema ni yako."

Melchior alicheka kwa dharau. Mtu aliyekuwa na zizi lililojaa, leo ainamie sahani ya paka mbele ya wapita njia? Aliona heri ya sumu. Akanunua sumu ya panya sokoni, akaichanganya na unga, akaitawanya kandokando ya ukuta.

"Papa, panya ikikufa inje, ile paka itaikula," Godelive alimwonya.

"Nilisema hapana yangu," alijibu Melchior, naye akadhani amemaliza neno.

Panya walikufa wachache. Wengine wakashtuka, wakaiepuka sumu, wakarudia mbegu. Mmoja wa wale wachache alifia uani, na adhuhuri paka wa majivu akampata. Aliburura miguu hadi mlangoni kwa Melchior, si kwa Hadjara, akalala pale pale alipozoea kulala. Melchior alimkuta hapo akitetemeka. Hakuwa na la kumfanyia. Alikaa karibu naye mpaka alipotulia, na moyo ukamuuma kuliko alivyotegemea.

Hadjara aliposikia hakupaza sauti. Alisema tu kwamba watoto wanalia chini ya chanja, tumbo lake halimruhusu kuinama, na Shafii yuko safarini.

"Batoto ile iko ya nani sasa, Papa Kasika?"

Majirani walikuwepo, macho kwa Melchior.

"Iko yangu," alisema. "Na mama yabo ilikuwa yangu. Na makayabo ile niliikula mie."

Kisha yule bwana wa Alimbongo, katika suruali yake ya pekee ya Misa, alipiga magoti kwenye majivu ya jiko la watu. Magoti hayakutosha. Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya chanja, akatambaa mpaka alipowafikia wale wadogo pembeni. Mtu mmoja alicheka. Alitoka na vumbi usoni na paka watatu kifuani.

Kumlea mdogo si kazi ya dakika. Alizoa unga wote wa sumu na kuufukia mbali. Aliwanywesha maziwa kwa kitambaa hadi walipojua kulamba, kisha akawapa ugali wenye mchuzi kwa mkono wake, kila jua likikaribia kuzama, akawafungia ndani. Mpaka wakomae, yeye na mkewe walililinda gunia kwa zamu, na bado panya waliiba. Mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, jike mwenye madoa alikamata panya wake wa kwanza, na tangu siku hiyo hasara ilipungua, kisha ikakoma. Waliposikia kwamba njia ya Alimbongo imefunguka, Melchior alimwachia Hadjara dume mmoja, wa pili akachukuliwa na jirani aliyeahidi kumlisha, na jike akasafiri nao ndani ya kikapu.

Mvua za mwezi wa tisa ziliwakuta shambani. Mbegu zilitosha nusu ya shamba. Upande mmoja maharagwe yaliota mabichi na yenye nguvu kwenye ukungu wa kwao, na upande wa pili ulibaki udongo mtupu. Godelive alimuuliza mumewe kama wapande viazi pale ili pasitie huzuni.

"Hapana, mama," alisema Melchior. "Mwaka huu pabaki vile. Nilichelewa kuinama, acha nipaone."

Na kila aliyepita akauliza kwa nini shamba zuri namna ile limeachwa nusu, alipewa jibu moja: mtaka cha mvunguni sharti ainame.