Kwa Nini Pacha wa Igulwa Hubadilishana Bakuli

Enzi hizo, kabla watu wa Igulwa hawajajua wanayoyajua leo, pacha hawakutumia kitu kwa pamoja. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Kulwa, akapewa titi la kulia. Aliyefuata aliitwa Doto, akapewa la kushoto. Mgawo huo ulikuwa wa maisha. Hata walipokua, Doto hakugusa bakuli la Kulwa, wala Kulwa hakukalia kigoda cha Doto. Wazee walisema kila mtoto huja na riziki yake, na anayeonja riziki ya pacha wake humla pacha wake. Hakuna aliyewahi kulijaribu neno hilo. Nani angetaka kulijaribu kwa mtoto?

Basi Milembe, mke wa Luhende mfuga nyuki, alijifungua uzazi wake wa kwanza mtama ukiwa unachipua. Wakatoka wawili, wavulana wote. Mama mkwe wake, Nyamizi, ndiye aliyewapokea, na ndiye aliyemwonyesha namna ya kuwapakata: huyu huku, huyu huku.

Kulwa alikuwa mtoto wa haja. Akishika titi alivuta mpaka masikio yanacheza. Doto alikuwa kama kifaranga kilichonyeshewa. Alinyonya kidogo, akachoka, akalala chuchu ikiwa mdomoni. Na titi lina tabia ya kisima cha mchangani: likichotwa hujaa, lisipochotwa hujifukia. La kulia likawa linamwagika lenyewe. La kushoto likawa linapungua kila kukicha.

Nyamizi alihangaika. Alipika uji wa ulezi, akatwanga karanga, akachemsha kuku aliyekuwa akitaga. "Kula, mwanangu," alimwambia. "Maziwa hayatoki kwenye tumbo tupu." Milembe alikula mpaka akatoka jasho, lakini ilikuwa kana kwamba chakula chote kinakwenda kulia.

Majirani walikuja kumpa hongera. Mmoja wao, kwa sauti ya kufariji, akasema, "Wengine huja kumsindikiza tu mwenzao, kisha hurudi." Milembe alimtazama mama mkwe wake, akitumaini atamkanya yule mgeni. Nyamizi aliinama, akachochea kuni. Luhende naye alizaliwa pacha, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba pacha wake hakufikia kuota jino.

Ikafika siku Doto aliacha kulia. Watu wote walikuwa shambani kwa palizi, na Milembe alikuwa amebaki peke yake nyumbani. Kulwa alikuwa ameshiba, amelala chali juu ya ngozi. Doto alikuwa mapajani, macho nusu wazi, midomo imekauka. Titi la kulia lilikuwa limejaa mpaka linauma, na maziwa yalimchuruzika hadi kiunoni, yakiloweka nguo yake bila faida kwa mtu yeyote.

Milembe aliyatazama yale maziwa yakipotea. Akamtazama Kulwa akipumua. Kisha akamgeuza Doto, akamweka kulia.

Mtoto hakuhitaji nguvu. Maziwa yalimjia yenyewe; alipaliwa, akakohoa, akameza, akameza tena. Milembe alimeza mate naye, kana kwamba wananyonya pamoja. Doto alipoachia, tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma ndogo, na tone moja lilikuwa limebaki kidevuni.

Kulwa alipoamka akidai chakula, kulikuwa kumebaki la kushoto tu. Alilivuta, akakuta halina kitu, akakasirika. Aliliachia akapiga kelele, akalirudia, akavuta kama anayeng'oa muhogo. Hivyo ndivyo Nyamizi alivyowakuta aliporudi na jembe begani: Kulwa kushoto, Doto amelala fofofo upande usio wake.

Aliliweka jembe chini polepole. "Umefanya nini, Milembe?"

"Nimewanyonyesha wanangu, mama."

Nyamizi alikaa kwenye kizingiti. Milembe alingoja kufokewa. Lakini yule mama alikuwa akimtazama Doto, jinsi mashavu yalivyopata rangi.

"Wangu nilimweka kushoto mpaka mwisho," alisema. "Sikuambiwa kuna njia nyingine."

Akanyoosha mikono, akamchukua Doto, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua. Alipomsikia Kulwa amechoshwa na lile titi tupu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Haya, badilisha."

Siku zilizofuata walimchunguza Kulwa kwa hofu, jioni na asubuhi. Hakupungua hata kidogo. Hasira zake zililizindua titi la kushoto, nalo likaanza kujaa, na kila alipolifungulia njia, Doto alikuja nyuma yake akanywa kwa raha. Wageni walipofika, Nyamizi hakuwaficha jambo. Aliwapa mtoto mmoja wampakate, akamwachia Milembe mwingine, na neno lake likasikika nyumba nzima: badilisha. Luhende alikuwa akilisikia akiwa nje, akichonga mizinga yake, naye alicheka peke yake. Wanawake wenye pacha wakaja kutazama, wakarudi makwao wakafanya vilevile.

Watoto walipofikia kula, Nyamizi aliwawekea mabakuli mawili ya uji mbele ya ukoo wote. Walipokunywa hadi katikati, alitoa amri ileile, akayahamisha mabakuli kwa mkono wake mwenyewe. Wazee walitazamana. Hakuna aliyemla mwenzake.

Na tangu siku hiyo pacha wa Igulwa hawali chakula chao cha kwanza bila bibi kusema neno hilo. Wengine hawaachi kubadilishana hata uzeeni. Ukikaribishwa huko, ukawaona wazee wawili wenye mvi wakisogezeana sahani katikati ya mlo bila kutazamana, usiwaulize nani ameshiba na nani bado ana njaa. Endelea kula.