Magoti ya Mtoto wa Somoe

"Shanga zikilegea, tazama magoti." Mmemsikia shangazi yenu akiisema, mkatazamana na kutaka kujua shanga na magoti vimekutana wapi. Haya, sogezeni ungo, tuchambue mchele huku tunaongea. Methali hii ilianzia hivi.

Zamani, katika kijiji kimoja cha bonde la Rufiji, zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima, kwa hiyo mtoto alipimwa kwa uzi. Akitimiza siku arobaini alifungwa shanga kiunoni. Uzi ukibana, mama alicheka, akaufungua na kuongeza shanga. Uzi ukicheza, mama hakulala.

Palikuwa na mama mmoja, Somoe. Mimba zake mbili ziliharibika, ya tatu ndiyo ikamletea Kibwana. Mumewe, Mbaraka, alikuwa ng'ambo ya mto akipasua mbao. Mpunga ulikuwa umetia maziwa, na ndege walishuka shambani kama mvua. Mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka mzima. Basi kila alfajiri, mtoto angali usingizini, Somoe alikwenda kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, kuamia ndege kwa kuwapigia kelele, akarudi jua likizama. Kibwana, mtoto wa miezi minane, alimwacha, pamoja na maziwa ya mbuzi ya kutilia uji, kwa wifi yake Mwajabu, dada wa Mbaraka. Mwajabu alikuwa ameachwa na waume wawili kwa kutozaa.

Alipokuwa na miezi sita, mikono ya Kibwana ilikuwa na pingili kama muwa, na shanga hazikupitisha hata kidole cha mwisho. Sasa jioni moja Somoe akapitisha kidole kimoja. Wiki iliyofuata, viwili.

Hapo ndipo mdudu alipomwingia moyoni. Akaanza kuona mambo. Mbona kila akirudi anamkuta mtoto ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, amelala fofofo? Anaoshwa nini kila siku hivyo? Na sufuria ya uji, mbona imekwanguliwa mpaka inang'aa? Jirani yake Chiku akamalizia kisimani.

"Shoga, yale maziwa ya mbuzi anakunywa mtoto au mlezi? Mbona mwanao anapungua, wifi yako mashavu yanajaa?"

"Chiku, acha hayo."

"Nimeacha. Mimi nauliza tu."

Jioni ile Mwajabu alimpokea kwa uso mkunjufu. "Wifi, kesho usiende shamba. Baki, umwone mwanao."

"Nikibaki, ndege atawaamia nani? Wewe?"

"Basi kitendawili!"

"Tega," Somoe akasema kwa uvivu.

"Mbuzi wangu hana pembe, hana mkia, kutwa anaukagua ua."

Somoe hakutaka mji wala kutegua. Alisikia neno mbuzi, akawaza maziwa. Anathubutu hata kunicheka, alisema moyoni. Akamchukua mwanawe, akalala huku akimpapasa mbavu, moja moja. Akakata shauri: nikihakikisha, nampeleka Kibwana kwa mama yangu, na Mwajabu hatamgusa tena.

Alhamisi alitoka alfajiri kama kawaida. Jua lilipopanda alimwomba jirani wa dungu la pili amsaidie kupiga kelele, yeye akarudi nyumbani kwa njia ya migombani, asikutane na mtu. Akafika nyuma ya ua wa makuti, akachungulia.

Kibwana alikuwa kifudifudi juu ya mkeka. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji. Mtoto akanyoosha mkono. Mwajabu akalivuta bakuli nyuma. Mtoto akalalamika, akanyoosha tena. Mwajabu akalivuta tena, na alikuwa anacheka.

Somoe aliingia uani kwa kishindo, kuti likaanguka.

"Leo nimekuona! Mwanangu unamwonyesha chakula kama mbwa!"

"Wifi, taratibu, utamshtua."

"Nimshtue nini, na wewe unamla kidogo kidogo! Mimba hujawahi kuijua, utaijua njaa ya mtoto? Tasa mkubwa! Shanga zimenieleza yote!"

Chiku alishafika penye ua, kanga haijakaa sawa, shingo ndefu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Somoe hakulijua. Katika ukoo wa akina Mwajabu, jambo la kwanza la mtoto, liwe jino, liwe hatua, mlezi akiliona halisemi. Humfichia mama mpaka alione kwa macho yake, kwani anayemtangulia kulitangaza amemlia furaha yake. Ndiyo maana kila jioni Mwajabu alimsugua Kibwana vumbi lote, asije mama akaambiwa na uchafu. Na hata sasa, ametukanwa mbele ya jirani, bado hakulisema. Aliliweka bakuli chini, akasema, "Shanga umezitazama sana. Tazama magoti."

Kibwana alikuwa ameisikia sauti ya mama yake. Akageuza kichwa. Akainua matako, akasimamia mikono na magoti, akauacha uji pale pale. Akatambaa mkekani, akatoka mkekani, akaingia mchangani, shanga zinamtelezea nyongani, mpaka akaukamata mguu wa mama.

Somoe akamwinua. Akamgeuza magoti. Ngozi ilikuwa ngumu, imeparara kama kisigino cha mkulima. Mapaja yalikuwa yamekaza, na miguu, iliyokuwa ikimfikia mama kiunoni akimpakata, sasa ilining'inia chini zaidi. Mtoto alikuwa mzito!

"Tangu lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Leo siku ya kumi na nane. Nilikuomba ubaki, nikakutegea na yule mbuzi asiye na pembe."

"Na uji?"

"Anamaliza mabakuli mawili. La tatu namtegea kwa mbali, maana bila chambo mwanao mvivu kama kaka yangu. Ule unene wa kukaa unayeyuka kwa mwendo, wifi. Mwili wake sasa unakwenda kwenye mifupa."

Somoe alitafuta pa kuuweka uso. "Wifi, lile neno nililosema..."

"Nimelisikia. Na Chiku kalisikia. Mlishe mwanao, uji unapoa." Mwajabu akaingia ndani.

Siku tatu Somoe hakwenda shamba. Aliona haya kubisha mlango wa wifi yake, na ndege wakala mpunga hata majani yakabaki yamesimama matupu upande mmoja. Siku ya nne, alfajiri, Mwajabu akaja mwenyewe, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto. Mwaka huu tutakula nini, majuto?"

Somoe alimpa, akalia njia nzima mpaka dunguni.

Si kwamba kila uzi ukilegea ni heri, wajukuu zangu. Ukitazama magoti ukayakuta laini, mtoto amelegea, hana hamu ya kula, hapo usikae, kimbia zahanati. Lakini tazama kwanza ndipo ufungue kinywa.

Mavuno yalipokwisha, Chiku akamjia Somoe kisimani. "Shoga, umemwona mke wa Mtoro alivyokonda? Mumewe yule, mimi nakwambia, kuna jambo."

Somoe akajitwika ndoo yake. "Mtoto wake umeona anavyokimbia?"

"Mtoto kaingiaje hapa?"

"Anayemkimbiza kutwa ni nani kama si mama yake? Chiku, shanga zikilegea, tazama magoti."