Kapuku wa Utosini na Neno "Tu"

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kazi?

Yuko kazini!

Asiye na kazi?

Yupo yupo tu!

Basi mwenye kazi aende zake, asije akachelewa akakatwa mshahara. Asiye na kazi asogee mkekani. Ngano hii ni yake.

Hapo kale, na si kale sana kwa maana sabuni za dukani zilikwishakuwako, palikuwa na nchi ikiitwa Utosi. Nchi hiyo haikuwa na bendera wala bunge, ndiyo maana ilikuwa na amani. Ulikuwa utosi wa mtoto mchanga, jina lake Mize, binti wa Zaituni. Na katika nchi hiyo, kwenye shina la unywele mmoja, aliishi mdudu mdogo aitwaye Kapuku.

Mdogo kiasi gani? Usijisumbue. Vaa miwani ya babu, na juu yake vaa ya bibi, hutamwona.

Kapuku alikuwa kapuku kweli. Chakula chake kilikuwa jasho, mafuta, na vumbi la ngozi iliyochoka. Hakuuma, hakuchimba, hakuwasha mtu. Alikaa. Asubuhi alikaa, mchana alikaa, na alasiri, kwa kubadilisha kidogo, alikaa. Nduguze walikaa kulia, binamu zake walikaa kushoto, Utosi mzima ukajaa wakaaji, hapakuwa na pa kutia sindano.

Alifikaje huko? Siku Mize alipozaliwa, alilazwa kifuani pa mama yake analia ngaa! ngaa! Na kifua hicho ndicho kilichokuwa kwao Kapuku. Mama yake Kapuku akamsukuma taratibu.

"Vuka, mwanangu. Kule kuna mtu mpya kabisa, hana hata jirani."

"Nikifika nifanye nini, mama?"

"Kaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Na ukiitwa, itika."

Kapuku akavuka, na alipovuka akapenda. Akapenda joto la Utosi. Akapenda harufu ya maziwa. Zaidi ya yote akapenda ule mpwito mdogo pale katikati ambapo fuvu lilikuwa bado halijafunga, du-du, du-du, kama mtu anayepiga ngoma chini ya mto. Kila ngoma ilipolia, Kapuku aliitika moyoni: nipo. Hakuna aliyemwajiri. Hakuna aliyemwita kwenye intavyu akamwuliza uzoefu wa miaka mingapi. Alipenda bure, kama wapendavyo wajinga na mama zetu.

Ikafika arobaini ya Mize, siku ya kunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Akaja shangazi yake kutoka mjini, Mwatime, mwenye kazi ya ofisini na mkoba unaofunguka kwa kelele, kwach! Ndani ya mkoba, sabuni. Nyekundu, kali, inanuka kama wodi.

"Wifi, hii inaua wadudu wote," Mwatime akasema. "Asilimia mia!"

Zaituni akamvuta mwanawe karibu. "Wote? Hata wasiomkosea?"

"Mdudu ni mdudu, mamaa. Wengine ndio hao wamekaa tu, hawana kazi. Wa nini?"

Nyanya yake Mize, Bi Mkasi, akainua macho kutoka kwenye wembe mpya aliokuwa anaufungua. "Mwatime, mtoto si sufuria."

"Mama nawe! Tuwe wa kisasa kidogo."

Bi Mkasi akarudi kwenye wembe wake. Ukiwa mama wa mtu wa ofisini, kuna siku unanyamaza.

Kwaru-kwaru-kwaru! Povu likapanda kama ubwabwa unaofurika. Kapuku akasikia nduguze wakipita juu yake.

"Kapukuuu! Tunakwenda!"

"Shikilieni!"

"Tushikilie nini, nawe?"

Chwaaa! Maji. Beseni. Kimya.

Kapuku alikuwa amezama ndani kabisa ya shimo la unywele, amejibanza, hapumui. Alipochungulia, Utosi ulikuwa unang'aa, mtupu kama jokofu la mhitimu.

Akaita, "Ndugu zangu? Mpo?"

Hakuna aliyeitika. Ngoma peke yake ikalia, du-du, du-du. Kapuku akajikunyata. "Nipo," akaiambia. "Usiogope. Mimi nipo."

Kisha wembe ukapita, kwa, kwa, kwa, paa la nyumba yake likaenda na nywele. Mwishoni kabisa Mize akapiga chafya, mkono wa bibi ukateleza, na tone moja la damu likachomoza.

"Yailahi!" Bi Mkasi akabana kitambaa safi pale pale. Damu ikakoma. Ukabaki mlango mdogo, mwekundu, haujafungwa bado.

Sasa msimchukie Mwatime. Alipoona ile damu, moyo wake wa ofisini ukayeyuka. Akalia kwi-kwi-kwi, akajifuta kamasi kwa kiganja, na kwa kiganja hicho hicho akampapasa mtoto kichwani. "Pole, mamangu. Pole, pole."

Mapenzi, ndugu zangu, yana vidole. Na vidole vina abiria.

Puani mwa Mwatime, siku zote, aliishi Bwana Dhahabu na ukoo wake. Ni wadudu wa manjano, wananawiri, wamerundikana kama kichala cha zabibu. Huko puani walikuwa wametulia kwa sababu hapakuwa na mlango. Sasa wakashuka Utosini, pwata! Dhahabu akatazama kulia, patupu. Akatazama kushoto, patupu. Akatazama mbele, akauona mlango mwekundu, mate yakamtoka.

"Mgeni hupiga hodi," sauti ndogo ikasema.

Dhahabu akageuka. "Hodi hupigwa penye wenyewe. Hapa pamesuguliwa. Wewe nani?"

"Kapuku. Mama yangu na mama yako ni dada. Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ala! Ndugu kumbe! Na hapa unafanya kazi gani?"

"Nipo nipo tu."

Dhahabu akacheka hadi ukoo mzima ukatikisika. "Kwa-kwa-kwa! Nipo nipo tu! Mmemsikia? Sivii yake mstari mmoja!" Ukoo ukacheka, kwa maana bosi akicheka anayebaki kimya hujulikana.

"Na wewe, kaka, una kazi gani?" Kapuku akauliza kwa unyenyekevu.

"Mimi mwekezaji. Unauona mlango ule? Nyuma yake kuna damu, nyama, sukari. Tunaingia, tunakula, panavimba jipu. Hata pale kwenye kitu kile kinachogonga-gonga, tutafika."

Kapuku akahisi baridi. Kile kinachogonga-gonga. "Basi mbona hamwingii, kaka?"

"Huna shule wewe. Mmoja akiingia peke yake, askari weupe wa damu wanammeza, gubu! Ni lazima tuwe wengi, tuvamie kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo mimi naita, 'Tupo?' Wangu wanaitika, 'Tupo!' Nikisikia 'Tupo!' kutoka kila upande, hapo ndipo natoa amri."

"Mna akili nyie," Kapuku akasema. "Ndiyo maana mna koneksheni."

Akarudi shimoni mwake. Angefanya nini? Kupigana hakujua. Kukimbia, angekimbia akamwachie nani ile ngoma? Alikuwa na vitu viwili tu duniani: mahali pa kukaa, na sauti ya ukoo, ile aliyoirithi kwa mama, inayofanana na ya kina Dhahabu kama maembe ya mti mmoja. Wakimgundua watamkaba. Asipothubutu, mlango utavunjwa.

Akafanya wafanyavyo wadudu wa aina yake wakizidiwa: akajigawa. Wakawa Kapuku wawili, na wote wawili wakawa na wasiwasi.

"Tutaweza?"

"Sijui. Gawanyika tuone."

Wakajigawa tena. Huku nje Dhahabu naye akijigawa, na ukoo wake wakijigawa, kichala kikinenepa, na vumbi la ngozi likiliwa upande huu na upande ule. Kila punje aliyoiramba Kapuku ilikuwa punje ambayo Dhahabu hakuipata.

Dhahabu akapaza sauti: "Tupooo?"

"Tupo!" wakaitika wa mbele.

"Tupo!" wakaitika wa kando.

Na kutoka shimoni, kwa sauti ile ile ya ukoo, kwa kuvuta, na mwayo ndani yake, likaja jibu la tatu: "Tupooo… tupo tupo tu."

Ukoo ukasita. "Mmesikia? Tupo tupo tu."

"Ah, kumbe leo hatuna kazi?"

"Bosi mwenyewe kasema."

"Nilidhani tunavamia."

"Vamia nini, bwana. Tupo tupo tu." Wakajilaza, miguu juu, kama wangekuwa na miguu.

Dhahabu akawaka. "Nani katia 'tu'? Hiyo 'tu' imetoka wapi?"

"Kwako, bosi. Sauti ni ya nyumbani."

"Mimi nimesema 'Tupo'! 'Tupo' kavu! Inukeni, fasta!" Akavuta pumzi. "TUPOOO?"

"Tupo!" wakaitika wachache.

"Tupo tupo tu!" wakaitika wengi, sasa si Kapuku peke yake. Maana neno lile ni tamu. Ukishalisikia linakuingia sikioni, na likishaingia, jingine halipati pa kukaa.

Mlango mwekundu ukaanza kukauka pembeni. Dhahabu akauona. Akaacha kupiga kelele, akasogea peke yake shimoni kwa Kapuku. Akachungulia.

"Ni wewe," akasema polepole.

"Ni mimi, kaka."

"Nitaita mara moja tu sasa, mdomo wangu ukiwa sikioni mwa kila mmoja wao. Hamtoshi kunizuia. Mmebaki wachache, wenu wote wako kwenye beseni."

Na ilikuwa kweli.

Wakati huo Mize akalia, ngaa! Na Zaituni, ambaye hakujua lolote kuhusu vita vya Utosini, akafanya analofanya kila mama. "Nipe mwanangu," akamwambia Mwatime. Akamwinua, akamlaza kifuani, akaukumbatia utosi wake mdogo chini ya shingo yake, pale pasipofika sabuni ya wifi. Ngozi ikagusana na ngozi. Jasho la mama likashuka polepole.

Dhahabu akaita kwa nguvu zake zote: "TUPOOOO?"

Likaja jibu kutoka juu, kutoka shingoni, kutoka kifuani, sauti elfu za wasio na kazi, wazee kwa watoto, kwa raha zao:

"TUPO TUPO TU!"

Wakavuka. Wakakaa kulia, wakakaa kushoto, wakakaa juu ya mafuta, wakaramba vumbi, wakatema yale mate yao machungu ambayo kina Dhahabu hawayawezi. Hapakuwa na pa kutia sindano tena. Na mlango? Kwi! Kigaga kikafunga. Dhahabu akagonga, kikakataa. Akateleza jashoni, akadondokea kwenye kanga ya Zaituni, na kanga ikafuliwa, ikakamuliwa, ikaanikwa juani ikakauka kau.

Mama yake Kapuku akashuka shimoni kumtafuta, naye yuko hoi.

"Kapuku! Uko wapi, mwanangu?"

"Nipo, mama."

"Ulikuwa unafanya nini siku nzima?"

Kapuku akasikiliza. Du-du, du-du. Mize alikuwa amelala.

"Nilikuwa nipo tu," akasema, na ndipo alipoanza kulia.

Mama akasogea. Akakaa karibu naye.

Siku zikapita, kigaga kikadondoka chenyewe, chini yake ngozi mpya laini kama ndani ya ganda la yai. Hakuna jipu, hakuna usaha. Mwatime akaja kutazama, akapiga makofi.

"Mashallah! Mnaona? Sabuni yangu hiyo!"

"Ndiyo, mwanangu," akasema Bi Mkasi. "Na sufuria imeng'aa."

Hadithi yangu imekauka kama kigaga. Atakayeibandua, damu ni yake.

Na funzo? Ngano bila funzo wakubwa hawaipitishi. Funzo ni hili: vijana, anayekaa hana faida kwa nchi. Mkimwona mtu yuko barazani asubuhi, mchana, na alasiri kwa kubadilisha kidogo, msimwulize analinda nini. Msugueni. Mmwageni na beseni. Kisha kaeni katika nchi yenu safi, inayong'aa, mkisubiri wawekezaji.

Nimemaliza. Asiye na kazi?

Yupo yupo tu!