Mapacha Hawalali Sanduku Moja

Mapacha hawalali sanduku moja. Ndivyo alivyowaambia fundi wa simu kule sokoni mlipompelekea picha za babu yenu azihamishe, nanyi mmerudi mnacheka, mnaniuliza ni mama gani mwendawazimu anayelaza watoto sandukuni. Chekeni tu, meno hamkuyanunua. Lakini kaeni hapa jikoni mnisaidie kumenya hizi ndizi, maana mvua hii ya Tukuyu haina haraka, na mimi pia sina.

Msidhani methali hii tuliachiwa na wahenga. Wahenga gani walikuwa na kompyuta? Ilizaliwa mimi nikiwa mtu mzima, katika nyumba ya mdogo wangu Ambokile, na ilianza hivi.

Ambokile alioa binti wa Kyela, jina lake Gwantwa. Nawaambia kweli, wifi kama yule sijapata tena. Alikuwa mtu wa kuimba. Akifua anaimba, akichambua mchele anaimba, na asubuhi ukungu ukiwa umeifunika migomba yote, hata nyumba huioni, wewe uliye njiani ulijua umefika kwao kwa sababu sauti ilikuwa inakuja yenyewe, haina mwenyewe. Nilikuwa nikisimama kidogo hapo njiani nisikilize kabla ya kubisha hodi. Ambokile naye alikuwa kapenda mpaka kapitiliza. Kila saa simu iko mkononi, anampiga picha, anamrekodi, mwenyewe anamfukuza na mwiko.

Basi Gwantwa akafariki. Tusekile, mtoto wao, ndiyo kwanza shingo ilikuwa imekaza. Ugonjwa wenyewe sitaurudia, haukukaa.

Baada ya msiba mdogo wangu huyo akabaki na hofu moja tu, nayo haikuwa ya chakula wala ya nani atambeba mtoto, hayo sisi wanawake tulikuwepo. Hofu yake ilikuwa kwamba Tusekile atakua, atauliza mama alikuwaje, na yeye hatakuwa na la kusema. Aliniambia maneno hayaimbi. Ile simu ilikuwa imejaa mpaka inagoma, kwa hiyo akavihamisha vyote kwenye kompyuta, picha na video, kisha akavifuta kwenye simu. Fundi akamshauri asitegemee kompyuta peke yake, anunue na hadi diski, kile kidude kidogo cha kuhifadhia, anakili kila kitu humo. Akanunua. Akanakili. Akaja kunionyesha, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema sasa Gwantwa amepata pacha wake tena.

Alisema hivyo kwa sababu Gwantwa alizaliwa pacha. Mwenzake, Subilaga, alikufa wakiwa wadogo, na kwao hawakupenda kulizungumza.

Hadi hapo mdogo wangu hakukosea kitu. Kosa lake ni kosa letu sote tuliolelewa nyumba ile. Mama yetu alikuwa na sanduku la bati, la rangi ya kijani, linakaa chini ya kitanda. Kwetu kitu kikishakuwa cha thamani kina mahali pamoja tu: sandukuni. Vyeti vya ubatizo sandukuni, kitenge cha sikukuu sandukuni, hata sukari nakumbuka iliwahi kuingia. Ambokile akachukua kitenge cha Gwantwa, akaifunga kompyuta na ile hadi diski pamoja, ubavu kwa ubavu, akazilaza katika sanduku lile la mama alilorithi, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Usiku ule akalala vizuri.

Kuvuna kulipokwisha akapanda mama mkwe wake kutoka Kyela, Bibi Tupokigwe, kuja kumwona mjukuu. Alikaa akatazama mwanawe akicheka na kuimba ndani ya kioo cha kompyuta, na alipoona inarudishwa sandukuni pamoja na pacha wake, akamwomba Ambokile ampe ile hadi diski akakae nayo Kyela. Ambokile akakataa. Alikataa kwa adabu, kichwa chini, lakini alikataa. Alisema Gwantwa alishatoka nyumba hii mara moja, hatatoka tena.

Bibi hakubishana. Akatoa kisimu chake cha tochi, akaomba basi wimbo mmoja tu, wa njiani. Hilo lilimshinda Ambokile kulikataa. Akamtilia kwenye memori kadi wimbo mmoja, ambao Gwantwa aliutunga mwenyewe siku za uzazi, akimlaza Tusekile. Tena si wimbo uliokamilika. Anaanza vizuri, anafika katikati, maneno yanampotea, anacheka, kisha anaendelea. Nadhani alichagua huo kwa kuwa una kosa, akabaki na ile mizuri.

Halafu zikaja mvua. Mnaijua masika ya huku, ardhi inalewa. Siku hizo Ambokile akaota ndoto. Nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kiti pale uani, chai imempoa mkononi, ukungu umemzunguka hadi magotini. Akanisimulia. Aliingia chumbani akamkuta Gwantwa amelala, na kando yake mwanamke mwingine wa uso ule ule, ambaye hakumjua lakini akamjua. Kitanda kilikuwa kidogo. Maji yalikuwa yamejaa chumbani, yametulia, yamefika kwenye masikio yao, nao hawakuogopa hata kidogo. Gwantwa akamtazama kama mtu anayeomba asogezewe mto, akamwambia, "Tumebanana. Mtoe mmoja."

Nikamwambia peleka kile kitu Kyela leo. Akasema ndiyo, atakwenda Jumatatu, harusi ya kanisani ikishapita. Akaenda akalifungua sanduku. Nilimwona kwa mlango ulio wazi, amepiga magoti, kaishika ile hadi diski kifuani muda mrefu. Kisha akairudisha. Mapenzi hayo, wanangu, yana ukaidi wake.

Jumamosi sote tulikuwa harusini, na hilo namshukuru Mungu, maana Tusekile alikuwa mgongoni kwangu. Mvua ilipiga bati la kanisa hadi mchungaji akanyamaza. Huku nyuma, mtaro wa mlimani, juu ya nyumba, ulikuwa umezibwa na vigogo vya migomba, maji yakakosa njia, yakaegemea ukuta wa nyuma, ukuta wa matofali mabichi, ukakubali kuanguka. Tuliporudi jua lilikuwa limetoka, jua lile la baada ya mvua, kila jani linang'aa. Sanduku la mama lilikuwa limetoka chumbani lenyewe, limesimama katikati ya migomba, zuri, kufuli lake liko vilevile. Ambokile akalifungua. Lilijaa tope hadi mdomoni.

Alizipeleka zote mbili kwa mafundi Mbeya. Wakazikausha, wakazifungua, wakatikisa vichwa. Hazikusema kitu tena. Mdogo wangu akarudi akawa mtu anayetembea bila kukanyaga chini. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwishowe ikabidi aende Kyela kumwambia mama mkwe kwamba amempoteza binti yake mara ya pili. Nilifuatana naye nikiwa na mtoto. Bibi Tupokigwe alitukaribisha sebuleni, akasikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nikingoja kelele. Akauliza tu:

"Unajua kwa nini ulimwoa Gwantwa, hukumwoa Subilaga?"

Ambokile akasema Subilaga alikufa, mama.

"Surua iliingia kijijini," Bibi akasema. "Watu waliniambia mapacha hawatenganishwi, watalia. Nikamchukua mmoja, aliyekuwa karibu na mlango, nikampeleka kwa mama yangu ng'ambo ya mto. Walilia kweli, huyu huku na yule kule. Aliyebaki na mimi alikufa. Aliyepelekwa ndiye uliyemwoa. Ningewalaza pamoja kwa kuwapenda, ningewazika pamoja."

Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa kile kisimu cha tochi, akakibonyeza, akakiweka mkekani.

Tusekile alikuwa akinung'unika mapajani kwangu. Sauti ilipoanza akanyamaza. Akatambaa hadi kwenye simu, akaigeuza, akatazama nyuma yake kama kuna mtu, hakuona mtu, akailalia kwa shavu. Gwantwa akaimba, akafika pale katikati, akapotea, akacheka, na mtoto naye akacheka. Hapo ndipo Ambokile alipolia. Alilia mpaka Bibi akamshika bega, akamwambia:

"Mwanangu, mapacha hawalali sanduku moja."

Basi. Mamia ya picha yalikwenda na maji, na wimbo uliobaki ni ule mmoja wenye kosa, kwa sababu uliruhusiwa kutoka nyumbani. Sasa uko Kyela, uko Mbeya, uko kwenye simu yangu, na Ambokile kila akiingia kwa fundi anamhubiria kila mteja. Ndiko fundi wenu alikoipata methali.

Nyamazeni kidogo. Mnamsikia Tusekile huko nje barazani anaosha vyombo? Keshakuwa msichana, na huo ndio wimbo wenyewe. Sikilizeni, anakaribia katikati. Hapo. Mmesikia alivyocheka? Hakuna kinachomchekesha huko, yuko peke yake na masufuria. Anadhani wimbo ndivyo ulivyo.

Haya, leteni hizo picha za babu yenu. Kompyuta aliyozihamishia fundi ibaki kwenu, na hiyo hadi diski yenye nakala mtaniachia mimi huku. Msininunie. Mapacha hawalali sanduku moja.