Wajina wa Nani?

Sogeeni karibu, na aliye na shali ajitande, maana hadithi hii ina baridi. Mkimaliza kuisikiliza mtagombana. Sitawaamulia.

Palikuwa na mtaa juu ya kilima, katika mji mmoja wa Kanada ambako theluji huanguka kama imetumwa. Mtaani humo waliishi wanawake watatu wa pwani, mashoga wa kuazimana tui la kopo na kusengenyana kwa mapenzi. Kila mmoja alikuwa na lake.

Wa kwanza, Siwatu, alikuwa dereva wa manispaa. Aliendesha lori la kuzoa theluji, lile lenye bamba kubwa la chuma puani. Bamba hilo halisukumi mbele tu, kama mtoto anayesukuma sahani ya mboga asiyoitaka. Hukaa mshazari, likaiviringisha theluji na kuimwaga pembeni. Ukilishusha mno linang'oa lami. Ukiliinua mno umepita kutalii. Siwatu alilisikia kwa makalio, pale kitini, na hivyo ndivyo alivyolieleza hata mbele ya wakwe.

Wa pili, Mkejina, alikuwa na mkono. Kwao Pemba alitawanya mbegu za mpunga shamba zima, na kusiwe na mahali palipobanana wala palipobaki wazi. Huku akatawanya mchanga kwenye ngazi na vijia vya majirani. Wao walimwaga chumvi, naye akawacheka. "Chumvi huyeyusha barafu pale baridi ikiwa na adabu," alisema. "Baridi ya hapa haina. Mchanga hauyeyushi kitu, ila unakushika mguu."

Wa tatu, Chiku, kichwa chake kiliishi miezi kadhaa mbele ya mwili. Majani yalipoanza kupukutika alitafuta fito ndefu, akazipaka rangi nyekundu, akazichomeka kando ya barabara ya mteremko, upande wa korongo.

"Shoga, unapanda muhogo?" Siwatu alimuuliza.

"Napanda barabara. Siku mtakapoitafuta, mtaikuta hapa."

Sasa mnangoja niwaletee kijana mmoja mzuri wamgombee. Hayupo. Aliyepo ni Nasra, jirani yao, mja mzito wa mtoto wa kike, pamoja na mumewe Athumani, ambaye tumbo lile lilimtisha kuliko lilivyomtisha mwenye tumbo.

Theluji ikaanguka usiku kucha. Asubuhi Siwatu akapita na lori lake, akausafisha mtaa, akaenda zake mtaa wa pili huku akiimba. Hakutazama nyuma. Theluji inayomwagwa pembeni lazima ikae mahali, na pembeni ndipo yalipo malango ya watu. Mbele ya lango la Nasra likabaki tuta la kufika kiunoni, limeshindiliwa gumu kama zege.

Hapo ndipo uchungu ulipomshika Nasra.

Athumani alilivamia tuta kwa beleshi. Mpini ukakatika. Akapiga simu hospitali, wakamwambia gari la wagonjwa limekwama chini ya kilima. Na hospitali yenyewe i pale chini, paa lake analiona! Akampigia Siwatu.

"Shemeji, umetufungia ndani!"

"Nimewafungia nini?"

"Lango! Tuta lako! Na mwenzio anazaa!"

"Mwambie abane, nakuja."

"Abane nini, shemeji?"

Siwatu alirudi kwa fujo, akapiga rivasi, akatega bamba, akalikwangua tuta lote kwa mpigo mmoja. Mkejina alikuwa ameshatoka na magunia yake ya mchanga. Aliposikia kwamba mashine ya kumwagia mchanga ya lori imeganda, akapanda nyuma bila kuuliza. Athumani akatoa gari. Nasra, kiti cha nyuma, akashusha kioo na kupiga ukelele mtaa mzima usikie: "Wallahi! Atakayenifikisha, mtoto huyu ni wajina wake!"

Msafara ukaanza: lori mbele, gari nyuma. Walipofika kwenye mteremko, Siwatu akakanyaga breki. Upepo ulikuwa umeijaza theluji kila mahali. Mbele yake lilitandikwa shuka moja jeupe, na barabara na korongo vyote vilikuwa chini ya shuka hilo.

"Barabara iko wapi?"

"Fuata fito!" Chiku alikuwa ametangulia huko mbele tangu lori linakwangua tuta, miguu imezama, anaonyesha ncha nyekundu zilizochungulia moja moja. Siwatu akashusha bamba, akazifuata. Kwenye kona kali fito zilikuwa zimeangushwa na upepo. Chiku akasimama pale zilipokuwa, mgongo kwa korongo, koti lake jekundu limefungwa hadi kidevuni.

"Ukinigonga nitakutokea ndotoni!"

"Tulia! Ufito hauongei!"

Bamba likapita karibu naye kiasi cha kumwagia theluji viatuni. Lakini kila lilipokwangua, chini lilifunua barafu inayong'aa kama kioo. Nyuma ya lori Mkejina alitawanya mchanga, mkono huu, mkono ule, kama yuko Pemba. Gunia likaisha. Kabla hajafungua la pili, gari la Athumani likaanza kwenda ubavu ubavu kama kaa, likielekea korongoni. Nasra akatoa shahada. Mkejina akalipasua gunia kwa meno, akalimwaga lote mbele ya magurudumu. Magurudumu yakakoroma, yakauma mchanga, yakashika.

Wakafika. Mtoto alizaliwa kabla Athumani hajapata pa kuegesha gari, na vigelegele vilivyopigwa kwenye ukumbi wa hospitali viliwafanya wauguzi wa Kanada wadhani kengele ya moto imelia.

Siku ya saba sebule ikajaa udi na watu. Bibi wa mtoto alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, pua yake imejaza kioo kizima. Mzee Shekuwe, aliyeitwa kuongoza dua, alimbeba mtoto, tayari kumnong'oneza jina lake sikioni.

"Jina ni langu," alisema Siwatu. "Bila bamba langu, mngekuwa ndani hadi leo."

"Bila bamba lako tungetoka mapema!" Mkejina akamrukia. "Tuta lilikuwa la nani?"

"La kazi. Nisingepita asubuhi, theluji ingefika juu ya lango. Na wewe mchanga wako ungeumwaga wapi, juu ya godoro?"

"Uliipiga barafu msasa ikawa kioo. Mimi ndiye niliyeifanya ikanyagike. Nasra, ulipokuwa unatoa shahada, nani alikurudisha duniani?"

Chiku alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Mnagombania nani alisafisha barabara. Bila mimi mngesafisha hewa, na nyote mngekuwa korongoni."

"Fito zako zilianguka," Siwatu alimkumbusha.

"Ndiyo maana nilisimama mimi."

"Na nyingine ulizipanda kabla Nasra hajaahidi kitu," alisema Mkejina. "Thawabu unazo, shoga. Jina ni jambo jingine."

"Kwa hiyo anayefikiri mapema ndiye anayekosa?"

Watu wakaguna, nusu huku, nusu kule. Athumani akainua mkono kama mwanafunzi. "Tumpe majina yote matatu."

"Mtoto si kamati," Nasra akamkata. "Niliapa jina moja."

"Amueni basi!" bibi akapiga kelele kutoka Tanga. "Bando linaisha!"

Mzee Shekuwe akainama. Mtoto akapiga chafya, akakunja uso kama naye ana lake la kusema. Wanawake watatu wakasogea kwa pamoja, kila mmoja ametega sikio. Nje, theluji ikaanza tena kuanguka.

Nami naishia hapo, midomo ya mzee iko karibu kabisa na sikio. Aliyefungua njia, ingawa ndiye aliyeifunga? Aliyeifanya ipitike? Au aliyeijua ilipo kabla haijapotea? Ungekuwa wewe umembeba mtoto yule, ungemnong'oneza jina la nani?