Mkeka wa Mbele Darasani

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, mwenye kijiba cha roho cha kutosha mtaa mzima. Jirani akipika maharage, yeye anauliza kwa nini yananukia.

Siku moja akachungulia dirishani, darasa la pili. Watoto wamegawanywa vikundi vidogo vidogo vya kusoma. Binti yake yuko nyuma na wenzake, wanasomeana hadithi wenyewe. Na mtoto wa jirani? Yuko mbele, mkekani, bega kwa bega na mwalimu, mwalimu kamshika kidole anakitembeza juu ya maneno. Akarudi kuchungulia asubuhi zilizofuata, ni hivyo hivyo. Mama wa watu, akarudi nyumbani amenuna. Kwetu anayeketishwa karibu na mkubwa si ndiye mgeni wa heshima?

Amuulize mwalimu? Thubutu, ataonekana ana wivu. Akamwagiza binti yake afanye ajuavyo, ila kesho akae mkekani. Mtoto si mjinga, alishaona wanaokaa pale wanavyosoma. Kesho yake akaanza kubabaika. Akaja kukwama kwenye neno "mama", yule yule mama aliyemtuma. Mwalimu akamwonea huruma, akamhamishia mbele.

Nyumbani kukapikwa pilau. Mama akajitanda kanga mpya, akampelekea jirani sahani.

"Jirani, na wangu sasa anakaa na mwalimu."

Jirani akaipokea kwa mikono miwili. "Pole, mwenzangu. Usikate tamaa, ataweza tu. Wangu leo ametolewa."

"Amefukuzwa?" Moyoni anaomba iwe ndiyo.

"Amejua kusoma. Mkeka ule ni wa wale ambao bado."

Mnacheka? Chekeni taratibu, maana nasi tumo. Ni mara ngapi tumemwona Mungu amekaa karibu na mwenzetu, tukanuna, tukasema huyu anapendelewa? Tunadai tupewe alichopewa, wala hatuulizi alikuwa analilia nini. Wengine tumefika mahali tunajifanya hatuwezi, ili nasi tushikwe kidole.

Wewe unayemwonea kijicho yule dada anayeombewa kila Jumapili, unajua akitoka hapa anarudi kwenye nini? Mungu hajakusahau huko nyuma. Amekupa kitabu mkononi kwa sababu anakuamini. Kifungue, usome.