Prosesa ya Kasi na Chipu ya Kufunga Ujumbe

Ndugu zangu, nawaona mlivyochoka. Hata mimi. Basi sikilizeni mfano mmoja tu leo.

Kulikuwa na mhandisi, Wakesho, aliyeunda kompyuta ndogo za kuwekwa kando ya vitanda vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Pumzi ya mtoto ikilegea, kompyuta humtumia muuguzi ujumbe kwenye simu. Na kwa kuwa siri za mgonjwa si za kila mtu, kila ujumbe ulifungwa kwanza kwa msimbo. Kazi hiyo ya kufunga iliilemea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ujumbe ukawa unachelewa.

Mwenzake, Mghanga, akamwambia, "Dada, tuongeze chipu ya kufunga ujumbe tu. Itaipunguzia prosesa mzigo."

"Sitaki vitu vya kutegemeana," Wakesho akajibu. "Weka prosesa yenye kasi. Ifanye yote yenyewe."

Ikawekwa. Ujumbe ukawa unafika papo hapo, watu wakapiga makofi. Lakini prosesa ile ilichemka, tena ilikula betri. Mchana mmoja umeme ukakatika wodini. Betri iliyotegemewa kufika jioni ikaisha mapema, kompyuta ikazimika. Simu ya muuguzi ikawa kimya, naye akadhani mtoto hajambo. Alipopita kumfunika, alimkuta midomo imegeuka bluu.

Alimhudumia, mtoto akapumua. Tunamshukuru Mungu. Lakini niambieni, mama yake alipata tena usingizi wa raha?

Wakesho alipopata habari, aliketi sakafuni. "Rudisha prosesa ya zamani," alimwambia Mghanga. "Weka na ile chipu."

Mghanga hakuondoka. Alijua Wakesho anamuuguza mama yake peke yake, na ndugu zake wakipiga simu kuuliza wasaidie nini, huwajibu, "Naweza."

"Na wewe, dada," akamwuliza, "tukuongezee nani?"

Wakesho akalia.

Sisi tulio humu, kila Jumapili tunaomba nini? "Bwana, niongezee nguvu." Nguvu, nguvu, ili tubebe vyote peke yetu. Kisha tunazimika, na walio nyumbani wanadhani tumetulia. Je, kama Bwana alishakujibu siku nyingi, na jibu lenyewe limeketi kando yako kwenye benchi hilo?

Leo sitawaambia, kama ilivyo desturi yetu, mwambieni jirani amependeza. Mgeukie. Mwambie, "Nimechoka. Nishikie hiki kimoja."